Ruta haiwaki: ubadili adapta, ubadili kapasita, au ununue nyingine?

Umeme umekatika kwa saa moja. Umerudi, taa zimewaka, friji inanguruma, lakini ruta iko kimya. Kabla ya hapo ilifanya kazi miezi bila kuzimwa. Au inawaka taa zote, inakaa nusu dakika, inajizima, inaanza upya, na hivyo hivyo siku nzima. Au inatulia vizuri mpaka watu watatu waunganike na waifai kwa pamoja, ndipo inaanguka.

Dalili hizi tatu mara nyingi zina mzizi mmoja: kapasita za elektroliti zimekauka. Kapasita hiyo, ambayo kazi yake ni kuhifadhi chaji na kutuliza volti, ni kopo dogo la alumini lenye karatasi iliyolowa kimiminika ndani. Joto hukausha kimiminika hicho taratibu, na kadiri kinavyokauka ukinzani wa ndani wa kapasita, ule unaoitwa ESR kwenye mita, unapanda. Kapasita ya baridi iliyokauka huwa na ukinzani mkubwa kuliko ikiwa na joto. Ndiyo maana kifaa kilichokuwa kinaendelea vizuri kikiwa cha moto kinashindwa kuamka baada ya kupoa wakati umeme umekatika.

Swali ni hizo kapasita zilizokauka ziko wapi. Zikiwa ndani ya adapta, dawa ni moja. Zikiwa ndani ya ruta, dawa ni nyingine. Wengi huanza kufungua ruta. Ushauri wetu ni kuanza na adapta kila mara, kwa sababu ndiyo iliyofungwa bila upepo, ndiyo inayobeba joto jingi, na ndiyo inayopigwa na kila mrukio wa umeme wa gridi.

Adapta dhidi ya ruta: kujua nani mgonjwa

Kipimo bora ni kuazima adapta nyingine inayofanya kazi. Volti lazima ziwe sawa kabisa: ya 12 kwa 12, ya 9 kwa 9. Ampea ziwe sawa au zaidi. Adapta ya ampea 2 haiwezi kudhuru ruta inayohitaji 1, kwani ruta huvuta inachohitaji tu. Angalia pia mchoro wa duara kwenye lebo unaoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi. Ruta nyingi ziko hivyo, lakini si zote.

Kuna jambo dogo linalopoteza watu. Plagi za duara zenye kipenyo cha nje cha milimita 5.5 ziko za aina mbili: tundu la ndani la milimita 2.1 na la milimita 2.5. Ya 2.1 haiingii kwenye pini ya 2.5, na hilo utaligundua mara moja. Ya 2.5 inaingia vizuri kwenye pini ya 2.1, ila inalegea, na ruta inajizima kila ukiigusa meza. Mtu anaweza kubadili kapasita zote kwenye bodi kumbe tatizo ni plagi.

Kama huna adapta ya kuazima, usitosheke na kupima volti kwa mita ikiwa adapta haijaunganishwa na kitu. Adapta mbovu husoma 12 safi kabisa bila mzigo. Ipe mzigo: balbu ya indiketa ya pikipiki ya volti 12, wati 10, huvuta karibu ampea 0.8, na hiyo ni kazi ya kweli kwa adapta ya ampea 1. Waya wa balbu ukiwa baridi huvuta mkondo mkubwa kwa kufumba na kufumbua, kwa hiyo adapta ikisita mara moja mwanzoni usiihukumu. Ikitulia, volti zisishuke chini ya 11.4. Zikiwa 9 au 10, au balbu ikipepesa, adapta imekwisha. Hata hivyo jibu zuri la mita halimalizi ubishi, kwani mita ya kawaida haioni mawimbi ya kasi yanayopita kapasita iliyokauka. Adapta ya kuazima ndiyo shahidi wa kuaminika.

Ikithibitika adapta ni mbovu, inunuliwe mpya. Tunalisema hili tukijua kwamba kapasita zake zingeweza kubadilishwa. Adapta za ukutani zimeungwa kwa joto, si kwa skrubu. Ukizipasua hazifungiki tena kwa usalama, na ndani yake kuna umeme wa gridi ulionyooshwa: volti 230 za Tanzania huwa karibu 325 za mkondo mnyoofu, na 240 za Kenya huwa karibu 340. Kuokoa bei ya adapta kwa kubaki na ganda lililogundishwa kwa gundi mahali watoto wanapofika hakufai.

Kabla ya kufungua ruta: je, kapasita ndiyo tatizo?

Adapta nzima, ruta bado inayumba. Hapa pima uzito wa dalili, kwa sababu kapasita mpya haziponyi kila kitu.

Ruta iliyopigwa na radi haiponi kwa kapasita. Ukiona soketi moja ya kebo imekufa na nyingine zinafanya kazi, au kifaa kiliacha kuwaka usiku ule ule wa radi, kilichoungua ni transfoma ndogo za soketi au chipu yenyewe. Ruta inayowaka taa ya umeme tu, imetulia tuli bila kujizima na bila kuendelea, mara nyingi imeharibika programu yake. Na ukipima ukinzani kati ya chanya na hasi ya tundu la umeme, kifaa kikiwa kimechomolewa, ukapata karibu omu 0, basi kuna kijenzi kilichogusanisha: chipu ya kushusha volti, dayodi ya kinga, au kapasita ndogo ya kauri iliyopasuka. Kapasita ya elektroliti iliyokauka haifanyi hivyo, inafanya kinyume chake.

Dalili zinazoelekeza kwenye kapasita ni hizi: kujizima na kuwaka kwa mzunguko, kuanguka waifai inapobeba mzigo, kukataa kuamka asubuhi ya baridi. Fungua, kisha pasha kapasita kwa kikausha nywele dakika mbili tatu, kifaa kikiwa kimezimwa. Kikiwaka baada ya kupashwa, umempata mhusika.

Kichwa cha kopo kilichovimba, au utomvu wa kahawia chini yake, ni ushahidi tosha. Kutovimba si ushahidi wa uzima. Kapasita nyingi zinazokufa siku hizi zinakufa kwa kukauka polepole, vichwa vikiwa bapa kama vilivyotoka kiwandani. Wimbi la kapasita zenye kimiminika kibaya kutoka Taiwan, lililoharibu kompyuta nyingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ndilo lililowazoesha mafundi kutafuta uvimbe.

Kwa mita, yenye kupima ESR ndiyo inayofaa, na inaweza kupima kapasita ikiwa bado kwenye bodi. Mita inayopima mikrofaradi (µF, kipimo cha uwezo wa kapasita kuhifadhi chaji) pekee inadanganya: kapasita inaweza kubaki na asilimia 85 ya uwezo wake huku ukinzani wa ndani umepanda mara kumi. Tena ikipimwa ikiwa kwenye bodi, jirani zake zote zinahesabiwa pamoja nayo.

Kapasita gani: ya kawaida, ya ukinzani mdogo, au ya polima?

Hapa ndipo matengenezo mengi yanapoharibika. Fundi anaona 1000 µF, 16 V, anachukua yoyote yenye maandishi hayo, ruta inawaka, mteja anafurahi, na baada ya miezi michache wanaonana tena. Maandishi yanafanana, ila kapasita hazifanani.

Ndani ya ruta kuna vigeuzi vinavyoshusha volti 12 kuwa 5, 3.3 na chini ya hapo, kwa kukata na kuachia mkondo mamia ya maelfu ya mara kwa sekunde. Kapasita inameza mawimbi hayo. Joto inalozalisha ndani yake ni mkondo wa mawimbi uliozidishwa kwa wenyewe, kisha kwa ukinzani. Chukua mawimbi ya ampea 1:

| | Elektroliti ya kawaida | Elektroliti ya ukinzani mdogo | Polima |
|---|---|---|---|
| Ukinzani wa ndani (takriban) | omu 0.1 hadi 0.2 | omu 0.03 | omu 0.01 hadi 0.02 |
| Joto kwa ampea 1 | hadi wati 0.2 | wati 0.03 | wati 0.02 au chini |
| Umri ulioandikwa | saa 2,000 | saa 5,000 hadi 10,000 | saa 2,000 na zaidi |
| Ikidumu kwenye nyuzi 65 | miaka 3 hadi 4 (ya 105°C) | miaka 9 na zaidi | zaidi sana |
| Upatikanaji madukani | kila mahali | kwa kuulizia au kuagiza | kwa kuagiza, au kutoka bodi za kompyuta |

Mstari wa umri unahitaji maelezo. Saa zilizoandikwa ni za joto la juu kabisa la kapasita, na kila joto linaposhuka nyuzi 10 umri wa elektroliti unaongezeka maradufu. Kapasita ya saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65, inapata saa 32,000. Mwaka una saa 8,760 na ruta hailali, kwa hiyo ni miaka mitatu na nusu hivi. Sasa weka ile ya nyuzi 85 yenye saa 2,000, ambayo ndiyo rahisi zaidi kuipata: kwenye nyuzi 65 zile zile inapata saa 8,000, yaani miezi kumi na moja. Ndiyo tofauti ya namba moja ndogo iliyochapwa ubavuni mwa kopo. Usikubali ya 85°C ndani ya ruta hata ukipewa bure.

Polima haina kimiminika cha kukauka, na hesabu yake ni tofauti: nyuzi 20 zikishuka umri unaongezeka mara kumi. Kinadharia ni bora kuliko zote. Kwa vitendo tunaichagua mahali pawili tu: pembeni mwa chipu za kushusha volti zinazounguza kidole, na pale ambapo nafasi ni finyu. Haina uvumilivu wa volti kupita kiasi, na baadhi ya vigeuzi vya zamani vilitegemea kapasita iwe na ukinzani wa kiasi fulani ili vitulie. Ukiviwekea polima vinaanza kutikisika na ruta inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kwa hiyo kama hujui bodi imesanifiwa vipi, elektroliti ya ukinzani mdogo ndiyo chaguo lisilo na majuto. Familia zinazofaa ni kama Panasonic FR, Rubycon ZLH, Nichicon HE na Nippon Chemi-Con KY. Herufi hizo huchapwa kwenye kopo, na ndizo za kumwonyesha muuzaji, kwa kuwa jina la kampuni peke yake halitoshi: kampuni hizo hizo hutengeneza na za kawaida.

Kuhusu vipimo. Volti ziwe sawa au juu zaidi, kamwe zisiwe chini. Mikrofaradi ziwe sawa, au zizidi hadi nusu yake: 470 inaweza kuwa 680. Usiongeze mara tatu kwa kudhani unasaidia, kwani adapta itashindwa kuijaza wakati wa kuwaka. Kipenyo huamua nafasi ya miguu: kopo la milimita 6.3 lina miguu iliyoachana milimita 2.5, la 8 lina 3.5, la 10 lina 5. Na pima urefu, maana kopo la milimita 20 halifungiki kwenye ruta nyembamba.

Wanaoendesha ruta moja kwa moja kwenye betri ya umeme wa jua wana sababu ya ziada ya kuangalia volti. Betri ya volti 12 ikiwa inachajiwa hufika 14.4. Kapasita ya kuingilia yenye 16 V inabaki na nafasi ndogo mno, hasa kidhibiti cha chaji kikiwa cha bei ya chini. Hapo weka ya 25 V ikitosha mahali pake.

Mpya dukani dhidi ya iliyong'olewa kwenye bodi kuukuu

Mitaa ya vipuri ya Kariakoo, Dar es Salaam, na Luthuli Avenue, Nairobi, ina vyote viwili. Kapasita iliyong'olewa kwenye usambazaji wa umeme wa kompyuta uliokufa imeshakula saa zake, na hujui ngapi. Kwa elektroliti tunasema hapana, isipokuwa kwa kujaribu kama tatizo ni hilo. Kwa polima iliyotolewa kwenye bodi ya kompyuta inaweza kukubalika, ikiwa volti zinatosha. Nyingi za kwenye bodi hizo ni za 6.3 V au chini, hazifai upande wa 12.

Za mpya nazo zina bandia. Kopo jepesi kuliko kawaida, maandishi yanayofutika kwa spiriti, au kopo dogo kuliko uwezo ulioandikwa, ni dalili mbaya. Kupima ESR kabla ya kulipa kunamaliza ubishi, na muuzaji mzuri haoni vibaya.

Kazi yenyewe

Skrubu hujificha chini ya miguu ya mpira na nyuma ya lebo. Kabla ya kugusa chochote piga picha bodi, kila kapasita ikionekana mstari wake. Kwenye kopo la elektroliti mstari huonyesha hasi. Kwenye kapasita ya tantalamu, ile ndogo ya njano au nyeusi, mstari huonyesha chanya. Alama nyeupe iliyochorwa kwenye bodi kwa kawaida ni hasi, lakini kuna bodi zilizochorwa kinyume. Iamini picha.

Risasi ya kulehemu ya kiwandani siku hizi haina madini ya risasi yenyewe na huyeyuka karibu nyuzi 217 hadi 220. Ile ya 63/37, yaani bati asilimia 63 na madini ya risasi 37, huyeyuka kwa 183. Kwa hiyo kwanza ongeza risasi yako kidogo kwenye kila mguu pamoja na flaksi, utomvu unaosaidia risasi kutiririka na kushika. Mchanganyiko unalainika mapema na bodi inaumia kidogo. Chuma cha kulehemu kiwe nyuzi 350 na ncha pana. Mguu wa hasi umeungwa na eneo kubwa la shaba linalonyonya joto, na huo ndio utakaokusumbua: panda hadi 380 kwa mguu huo, usikandamize. Pasha mguu mmoja huku ukilaza kopo kidogo, hamia wa pili, rudi, mpaka litoke. Kuvuta kwa nguvu kunang'oa duara la shaba, na hapo kazi ya dakika kumi inakuwa ya saa mbili.

Tundu lililoziba lizibue kwa utepe wa nyuzi za shaba, au kwa kijiti cha meno ukipasha upande wa pili. Kama kimiminika kilimwagika, safisha kwa alkoholi ya isopropili na brashi ya meno mpaka bodi ing'ae. Ukikiacha kinaendelea kula shaba chini ya kapasita mpya. Ingiza, hakiki mstari, lehemu, kata miguu ibaki milimita 1 au 2. Pima tena kati ya chanya na hasi kabla ya kuwasha.

Kapasita za kubandikwa juu ya bodi, zisizopitisha miguu, ni shughuli nyingine. Vyuma viwili vya kulehemu kwa pamoja ndiyo njia salama. Kama una kimoja tu, na bodi ni nzuri, mpe fundi.

Badilisha zote za elektroliti kwenye bodi kwa mkupuo. Ruta za siku hizi huwa na mbili hadi tano tu, zimeishi kwenye joto lile lile, na iliyobaki itafuata.

Baada ya kufunga, usiridhike na taa. Hamisha faili kubwa kwa waifai saa nzima, kisha iache usiku, uizime asubuhi, ipoe kabisa kwa saa moja, uiwashe. Kuamka ikiwa baridi ndiko kulikokuwa ugonjwa, basi ndiko kupimwe.

Swichi yenye umeme wa ndani

Swichi ya mtandao, kifaa cha kuunganisha kebo nyingi za mtandao pamoja, nayo huugua hivi. Ile ndogo ya soketi 5 au 8 inayotumia adapta inafuata mambo yale yale, na ikiwa ni ya megabiti 100 haina thamani ya kutengenezwa. Ile ya gigabiti yenye soketi 24 na waya wa umeme unaoingia moja kwa moja ni hadithi tofauti: mpya ni ghali, na mara nyingi kilichokufa ni kapasita mbili au tatu za upande wa volti ndogo. Hapa kutengeneza kunashinda kununua kwa mbali.

Mtengenezaji lakini awe anayejua. Kopo kubwa la 400 V hubaki na chaji baada ya kuchomoa. Liondolee kwa rezista ya omu 2,200 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpira, sekunde 5, kisha pima mpaka volti ziwe chini ya 5. Bisibisi ya kugusanisha miguu inarusha cheche na inaweza kuua chipu, na wewe pia.

Za kubadilisha ni kapasita zote baada ya transfoma, ukianza na ya kwanza baada ya dayodi, kabla ya koili, kwani ndiyo inayobeba mawimbi makubwa zaidi. Usisahau kikopo kimoja kidogo upande wa umeme mkubwa, mara nyingi 22 au 47 µF, 50 V, karibu na chipu inayoendesha usambazaji. Hicho ndicho huizuia swichi kuamka umeme ukirudi, na mafundi wengi hukiruka kwa sababu hakivimbi. Lile kubwa la 400 V, likiwa bapa na likipima vizuri, liache.

Pale ambapo mpya inashinda

Kama kifaa ni cha kampuni ya intaneti, usikifungue. Wao hukibadilisha, na ukivunja lebo utalipishwa. Kisanduku cha faiba hakina mbadala wa dukani wa haraka hata ukitaka, kwa sababu namba yake imesajiliwa kwenye mitambo yao. Unaloweza kukibadilishia mwenyewe ni adapta.

Ruta yako mwenyewe yenye soketi za megabiti 100 na waifai ya kizazi cha zamani cha n (802.11n) pekee, huku mtengenezaji ameshaacha kutoa masasisho ya usalama, ibadilishiwe kapasita ikiwa tu unataka iwe kituo cha kusambaza waifai chumba cha nyuma. Mlangoni mwa intaneti weka mpya. Ya gigabiti yenye masasisho bado, hata ikiwa na miaka mitano, inastahili kapasita nzuri nne na jioni moja ya kazi.